Mke Wangu Alinenepa, Mimi Nikikonda

Kabla ya kupasuliwa nilikuwa mnene, na sikuona haya. Miaka ile ya Zaire, katika mji wetu wa Kalemie, mtu wa reli mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mtu aliyefika. Nilikuwa mkuu wa magazini moja, ghala la reli, pale bandarini, na fundi aliyenishonea abakosti, ile suti isiyo na tai, alinipima mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani amekosea. Nikipita, wapakizi wa magunia walijisogeza pembeni wakisema, "Papa Mukubwa anapita." Nilijua wanataja tumbo kuliko cheo, nikafurahi vilevile.

Tumbo hilohilo ndilo lililoniangusha. Nilikuwa na vidonda vya tumbo kwa miaka mingi, nikivituliza kwa maziwa na ubishi. Asubuhi moja, nikiwa natia sahihi karatasi za mzigo uliotoka Kigoma, nilitapika damu juu ya meza. Walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa magunia, wapakizi wanne wakisukuma, na kesho yake daktari akanipasua. Alikata sehemu kubwa ya tumbo akaitoa. Kilichobaki, aliniambia baadaye huku akikunja ngumi mbele ya uso wangu, kilikuwa hivi.

Alitoa na masharti. Nile kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Nitafune mpaka chakula kilainike kabisa. Nisinywe maji wakati wa kula, nisubiri kwanza. Sukari niiache. Nikimaliza kula, nilale kidogo. Na nitakonda sana, akasema, nisiogope. Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na mfuko wa nguo zangu chafu mkononi, akisikiliza kila neno. Mimi nilibaki naitazama ile ngumi.

Daktari alipotoka nilimwita mke wangu karibu.

"Mama, watu wasijue."

"Wasijue nini?"

"Ya kama mimi sina tena tumbo. Wakikuuliza, sema walitoa kidonda. Basi."

"Hata yaya yako wa Moba?"

"Yeye zaidi."

Akaitika. Mke wangu hakuwa mtu wa kuitika jambo halafu akalisahau, na hilo nililijua vizuri nilipokuwa namwomba.

Niliogopa mambo mawili. Niliogopa wapakizi, ambao wangenitafutia jina jipya kabla sijatoka hospitali. Na nilimwogopa yaya, dada yangu mkubwa, aliyenilea Moba baada ya mama yetu kufariki, na ambaye alipima uzima wa mtu kwa bukari, yaani ugali, aliyomeza. Kwake, mwanamume wa kula kama kitoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakufa.

Nilidhani kupona ni kupona kwa kidonda. Kidonda kilifunga vizuri tu. Kilichokataa kupona ni kula. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, majirani walikuja kunisalimu na mkate na chai, na kwa kumheshimu mgonjwa wakaitia sukari mpaka kijiko kikasimama. Masharti niliyakumbuka. Lakini walikuwa wamekaa, wananitazama, na kikombe kilikuwa mkononi. Nilikunywa chote. Chai haikukaa robo saa tumboni. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, tumbo likapiga kelele iliyosikika chumba kizima, nikalala chini kwenye mkeka mbele ya wageni. Walisema ni malaria. Mke wangu alijua ni nini, akaenda kuleta kitambaa cha maji.

Kuanzia siku ile aliishusha saa ya ukutani akaiweka jikoni juu ya kigoda. Mara sita kwa siku alitokea mlangoni na bakuli la bati la kitinda mimba wetu. Uji usio na sukari. Yai la kuchemsha. Dagaa wa ndakala waliopondwa, mchicha wa lenga-lenga uliokatwa mara tatu, na kipande cha bukari kisichozidi yai la kuku. Alikaa kunitazama nikitafuna. Nikimeza haraka, alisema, "Bado." Nikinyoosha mkono kwenye maji, aliyasogeza.

Nilimchukia. Nasema ukweli, maana yeye mwenyewe anajua. Siku moja nilimwambia hata kifaranga anakula kuliko mimi.

"Kifaranga iko na tumbo," alijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Siku nyingine nilisikia harufu ya mikebuka wakikaangwa kwa jirani, nikalia. Mwanamume wa miaka arobaini na tano, nimekaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, nalilia samaki wa watu. Nikila kidogo, njaa ilibaki. Nikizidisha vijiko viwili tu, nilikuwa chini tena na jasho. Sikujua kama ndivyo nitakavyoishi mpaka mwisho, na daktari naye hakuniahidi kitu zaidi ya kusema mwili utajifunza.

Sasa nieleze habari ya sufuria, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu sahani ya baba hutangulia. Inakuja na kichwa cha samaki na bukari kubwa kuliko zote, na watoto wanangoja kile baba atakachobakiza. Miaka yote ile nilikuwa nawaachia mifupa. Baada ya hospitali, mke wangu aliendelea kupika sufuria ileile, kwa sababu wageni hawakwisha na sahani ya mkuu wa magazini haikuweza kuja na bukari ya yai. Aliniwekea sahani kubwa mbele ya watu, nikaigusagusa, nikazungumza sana, nikawasukumia wageni minofu. Wakiondoka, sahani inarudi jikoni karibu kama ilivyotoka. Kutupa chakula haikuwa desturi ya nyumba yetu. Watoto walikula, naye akala kilichowashinda watoto.

Ndani ya miezi sita mashavu ya watoto yalijaa. Vitenge vya mke wangu vilianza kumbana, akawa anaachia mshono mmoja, halafu mwingine. Mimi nilikuwa nakwisha. Jumatatu asubuhi, kabla wapakizi hawajaingia, nilikuwa napanda kwenye mizani ya magunia. Zamani nilishinda magunia mawili ya simenti. Sasa nilikuwa gunia moja na kidogo. Abakosti ilining'inia mabegani, na siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulipokuwa tunafyeka majani barabarani, suruali ilianguka mpaka magotini mbele ya wakubwa wa kazi. Watu hawakucheka. Kama wangecheka ningejua bado niko salama.

Walichokuwa wakisema nilikisikia kutoka kwa karani wangu, mtu mpole, aliyefunga mlango kwanza.

"Chef, usikasirike. Kule ku robine, kwenye wanateka maji, wamama wanasema muke yako anakukula."

Kwetu kumla mtu ni neno zito. Maana yake si sahani. Ni kummaliza mtu kwa giza, uchawi wa ndani ya nyumba, yeye akiisha nawe unanawiri. Na ushahidi walikuwa nao, unatembea barabarani: baba amebaki mifupa, mama na watoto wanang'aa.

"Watu hawana kazi," nilimjibu karani, nikafungua mlango. Huo ndio utetezi wote niliompa mke wangu.

Ningeweza kusema. Maneno matatu tu, walikata tumbo langu, na robine nzima ingenyamaza. Niliyaona yale maneno kila siku, nikayaacha. Nilijiambia yatakwisha yenyewe. Yeye aliacha kwenda kwenye kikundi cha wamama wa kanisa, ambako zamani ndiye aliyeshika bendera. Halafu kukawa na matanga mtaa wa pili, akapika sombe, kisamvu chetu, sufuria kubwa, akaibeba kichwani mwenyewe. Jioni alirudi nayo. Ilikuwa imejaa mpaka juu, mafuta yamegandia pembeni, hakuna mkono uliogusa. Aliiweka chini jikoni, akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri. Tulikula sombe ile siku mbili. Nilimwona, nikatafuna polepole kama nilivyofundishwa.

Kisha habari ikafika Moba, na dada yangu akapanda meli.

Nilikuwa bandarini ilipofunga gati. Nilimwona akishuka na gunia la unga, kuku chini ya kwapa, na kikapu cha samaki wa moshi. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Papa," aliniambia, "uniitie mudogo wangu, ule mukubwa wa magazini."

Nilimwita kwa jina la utotoni. Kuku alimponyoka. Alikaa juu ya gunia lake la unga katikati ya gati, wapakizi wakimzunguka na mizigo, akanishika mkono juu ya kiwiko, pale vidole vyake vilipokutana, akalia bila sauti. Hata tulipobaki wawili njiani, sikumwambia.

Nyumbani aliona yote kwa mara moja: saa juu ya kigoda, bakuli la mtoto, na mke wangu aliyejaa mlango. Alisalimu kama mgeni. Kesho yake, Jumapili, aliingia jikoni akamwambia mke wangu apumzike, na alivyolisema lile neno halikuwa la kumpumzisha mtu. Saa sita akaniletea kuku mzima katika mawese na bukari kubwa yenye moshi. Akakaa mbele yangu.

"Kula, nikuone."

Nilikula. Nisisingizie heshima peke yake. Nilikitamani kile chakula. Miezi yote ile nilikuwa nakiota. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa mara moja tu. Nikamwona, nikakata tonge lingine. Nilifika nusu ya bukari na paja moja. Yaliyofuata sitayaeleza yote. Nilianguka kutoka kwenye kiti, na nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya dada, naye akinipepea kwa upindo wa kitenge chake.

"Tumbo yako inakataa chakula ya nyumbani kwetu," alisema taratibu. "Imezoea kile anakupa. Meli inarudi Alhamisi. Twende Moba."

Kwa siku mbili zilizofuata jiko lilikuwa lake. Alinipikia kwa mapenzi na kila mara nililala chini, na kila nilipolala chini alizidi kuamini. Jumatano mchana alikusanya watu: mjomba wetu mmoja, mzee aliyestaafu reli, na mzee wa kanisa. Tulikaa sebuleni. Mke wangu aliletewa kigoda, akakaa mikono juu ya magoti.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikohoa kwanza.

"Mama, sisi hatukusingizii kitu. Lakini bwana yako anaisha, na wewe na watoto munanenepa. Utuelezee."

"Munaniuliza mimi?" alisema. "Mwenyewe njo huyu, amekaa."

Wote walinigeukia. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na nafasi, wazi kabisa, mlango umefunguliwa na mke wangu mwenyewe, na bado nilikuwa nahesabu watacheka vipi bandarini.

"Hawezi kusema mbele yake," dada alisema. "Anaogopa."

Basi walizungumza wenyewe. Haikuchukua muda. Mimi niende Moba nipone. Yeye arudi kwao Niemba mpaka mambo yaeleweke. Watoto wabaki Kalemie kwa mjomba. Mzee wa kanisa alitaka kuomba, mjomba akamwambia angoje. Wakamuuliza mke wangu kama ana neno.

Alisimama. Nilidhani sasa atasema, na nakiri kwamba moyo wangu ulitulia, maana angesema yeye, si mimi. Alimgeukia dada yangu.

"Yaya, ukimufikisha Moba, umupe kidogo kidogo. Mara sita ku siku. Bukari isipite yai ya kuku. Asinywe maji akiwa anakula. Sukari hapana, hata akikulilia. Na akimaliza, umulaze kidogo kwa ubavu. Mayai anaweza. Mikebuka pia, kama unatoa ngozi."

Aligeuka kukaa, akarudi.

"Na usimuache ameze haraka. Anapenda kumeza haraka."

Halafu akakaa. Dada alikuwa amefungua mdomo. Hakuelewa, hakuna aliyeelewa, na mke wangu hakuongeza neno. Alikuwa anafukuzwa nyumbani kwake kwa jina la mchawi, na alikuwa bado anatunza siri yangu.

Nilisimama. Nilifungua vifungo vya abakosti mpaka chini, nikawaonyesha kovu, kutoka kifuani hadi kitovuni. Nikakunja ngumi nikaiweka pale.

"Hii njo tumbo yangu," nilisema. "Ingine yote daktari alikata. Siwezi kula kama watu. Nikikula kama watu, ninaanguka. Yeye alikuwa anafuata tu maneno ya daktari."

"Sasa juu ya nini hakusema?" mjomba aliuliza.

"Mimi njo nilimukataza."

"Juu ya nini?"

"Niliona haya."

Mjomba alitazama ngumi, akatazama kovu. Mzee wa kanisa alivua miwani. Dada yangu hakunitazama kabisa. Alisimama, akavuka chumba, akapiga magoti mbele ya mke wangu akamshika mikono yote miwili. Mwanamke yule hakuwahi kumpigia mtu magoti nje ya kanisa.

"Nisamehe, mama."

"Simama, yaya," mke wangu alimwambia. "Wewe haukujua."

Alisema hivyo kwa upole. Na kwa sababu, mbali na yeye, aliyekuwa anajua ni mmoja tu pale sebuleni, nilifunga vifungo vyangu nikakaa.

Alhamisi dada alirudi Moba peke yake. Nilimsindikiza gatini, na nikiwa pale niliwaambia wapakizi mwenyewe. Walinitafutia jina kama nilivyotabiri: Papa Ngumi. Niliitwa hivyo mpaka nilipoacha kazi, na halikuniua. Jumapili nilisimama kanisani nikayasema yaleyale mbele ya wamama wa bendera. Walinisikiliza. Kula chakula cha mke wangu kwenye matanga kuliwachukua karibu mwaka.

Nilipotoka gatini siku ile ya Alhamisi niliingia chumbani kutafuta shati. Sanduku lake lilikuwa wazi, na halikuwa na kitu ndani isipokuwa gazeti tulilotandika chini.

"Mama, nguo zako ziko wapi?"

"Niemba," alijibu kutoka jikoni. "Nilituma na treni ya Jumatatu."

Nilihesabu siku. Mkutano ulikuwa Jumatano.

"Ulijua watakufukuza?"

"Nilijua hautasema."

Alisema ataenda kuzifuata na kumsalimu mama yake, na aliondoka na treni iliyofuata. Alikaa huko wiki tatu. Hakuniachia maagizo. Niliiweka saa mbele yangu, nikapika mwenyewe mara sita kwa siku, nikaunguza uji, nikaponda ndakala na mifupa yao, na siku mbili nilianguka kwa uroho wangu, bila mtu wa kuleta kitambaa. Katika wiki zile ndipo mwili ulipoanza kujifunza, kama daktari alivyosema, au mimi ndiye niliyejifunza. Kila treni ya Niemba ilipoingia nilikuwa stesheni. Sikuwa na hakika atashuka.

Alishuka. Alikuwa na kikapu cha mihogo na furushi la nguo. Aliniuliza watoto wako wapi, nikamwambia, tukatembea mpaka nyumbani. Tumeishi vizuri. Siku hizi nakula mara nne, bukari imepita yai, na yeye hanitazami tena nikitafuna.

Alipofungua furushi nilimsaidia kupanga nguo sandukuni, na nikaona hazikuwa zote. Kitenge kizuri kuliko vyote na kile cha harusi vilibaki Niemba kwa mama yake. Ni miaka mingi sasa. Hajavileta, nami sijamuuliza.